Ukienda Soko la Kariakoo, Usiache Adabu ya Soko Nyumbani

Wako wateja wetu wa Hola na Garsen ambao siku hizi hawanunui mali Mombasa tu. Wanapitiliza: Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, wanavuka Horohoro, Tanga, hadi Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wanafuata kanga, vitenge, viatu na vyombo. Na swali lao kwetu huwa ni moja: pesa nibebe mfukoni au kwenye simu?

Jibu letu ni kwenye simu, na mfukoni ubaki na za nauli na chakula. Lakini simu peke yake haitoshi. Yale mama zetu waliyotufunza sokoni, kuuliza bei kabla ya kushika, kuhesabu mbele ya muuzaji na kukataa kuharakishwa, bado ndiyo ulinzi wa kwanza wa pesa yako. Teknolojia haijayafuta.

Soko lisilosimama

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariokor ya Nairobi nayo imetoka hapo hapo. Jengo kuu la soko lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Moto uliliunguza Julai 2021, lakini soko si jengo tu. Mitaa yote ya jirani ni maduka.

Tulipopita mtaa wa Kongo tulikuta mikokoteni, wamachinga wenye nguo begani, na wanunuzi kutoka Zambia na Kongo wakifunga marobota. Ukisimama kusoma simu unaambiwa upishe njia. Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu mtu anabonyeza ili mradi aondoke.

Ushauri wetu ni rahisi: usilipe ukiwa umesimama barabarani. Ingia dukani, omba kiti, ndipo utoe simu.

Shilingi mbili, jina moja

Huku ni shilingi, na kule ni shilingi. Muuzaji akisema elfu kumi na tano anamaanisha ya kwao, na shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za Tanzania, zikipanda na kushuka kidogo. Hesabu ya haraka ni hii: toa sifuri moja, kisha gawa kwa mbili. 15,000 inakuwa 1,500, halafu 750. Basi hiyo kanga ni kama shilingi 750 za kwetu. Sasa unaweza kuomba upunguziwe ukijua unachoomba.

Ukituma pesa kutoka Kenya kwenda Tanzania, soma kiwango cha kubadilisha na ada kabla ya kukubali. Kiwango kikiwa kibaya kinakula faida yako kimyakimya.

Jina kwanza, PIN baadaye

Kile tunachoita till hapa, wao wanakiita Lipa Namba, na utakiona kimebandikwa ukutani. Ingiza namba, kisha soma jina linalotokea. Lisome kwa sauti na umuulize muuzaji kama ni lake. Sisi tulifanya hivyo kwa mama muuza vitenge na wala hakukasirika. Muuzaji wa haki anataka pesa ifike kwake. Anayekasirika kwa kuulizwa jina, mwachie mali yake.

Kuna pia ujumbe maarufu wa matapeli unaosema ile hela uitume kwa namba hii. Hautaji jina wala deni. Unasubiri tu umkute mtu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma pesa. Ukiupata, mpigie muuzaji wako kwa namba unayoijua.

Na line je? Line ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni hutumia pasipoti. Usikubali kuuziwa barabarani line iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama ni rahisi. Pesa ikiingia humo, mwenye jina ndiye mwenye pesa. Wewe umebeba simu tu.

Pesa ya chama si yako peke yako

Mara nyingi anayesafiri anabeba akiba ya kina mama kumi, kumi na tano. Hiyo ni karo na mtaji wa msimu mzima. Kwa hiyo tunashauri usiihamishe yote siku ya kwanza. Iache nyingine Hola kwa mweka hazina, aitume ukishaiona mali na kuihesabu. Ndiyo, utalipa ada mara mbili, na sisi ndio tunaopata hiyo ada, kwa hivyo mna haki ya kututilia shaka. Lakini pima mwenyewe: ada kidogo, au kurudi mikono mitupu uwaeleze wenzako kumi na tano?

Ukimaliza kulipa, usifute ujumbe wa malipo. Omba na risiti. Pesa ikienda kwa mtu siye, piga simu kwa huduma kwa wateja ukiwa hapo hapo dukani, usingoje ufike Garsen. Kila dakika inayopita, mwenye namba ile anaweza kuitoa.

Haraka haraka haina baraka, na Kariakoo ina haraka ya kutosha. Wewe nenda na utaratibu wako.