Risiti si kipimo

Ndugu vijana wa Bunia,

Karibu kila kompyuta yenye inauzwa katikati ya mji wetu imepita mpaka: Mahagi, Aru, ao kwa maji mpaka Kasenyi. Mwenye kuiingiza analipa forodha, analipa na OCC. Kisha anaongeza zote juu ya bei, na mulipaji wa kweli ni mwanafunzi.

Forodha tunaelewa, ni kodi. OCC ni kitu ingine. Iliundwa mwaka 1974, wakati wa Zaire ikiitwa OZAC, na kazi yenye sheria iliipa ni kuchunguza ubora na wingi wa bidhaa na kuona kama zinafuata kanuni. Maana yake pesa ile inalipia kazi. Basi sisi wenye tunalipa tuko na haki ya kuuliza: kwa kompyuta na chaja zake, kazi hiyo inafanyiwa wapi, na kwa chombo gani?

Tunauliza sababu ya moto. Hatari kubwa iko ndani ya chaja, kale kasanduku keusi tunakaacha chini ya kitanda usiku. Upande mmoja kanapokea volti 220, upande mwingine kanatoa 19 hivi. Kati ya pande hizo mbili panatakiwa nafasi ya milimita kadhaa, plastiki nzuri, na fyuzi ya kukata umeme kama mambo yameharibika. Mutu wa feki anapunguza palepale, kwa sababu hapaonekani. Kwa inje chaja mbili zinafanana kama mapacha. Kanuni ya kimataifa, IEC 62368-1, inataka zipimwe kwa umeme wa maelfu ya volti kati ya pande hizo mbili, kuona kama umeme unaruka. Ile haifanyiki kwa macho, hata macho ya mutu mwenye kuvaa kofia ya serikali. Tena umeme wetu wa hapa unapanda na kushuka, na jenereta ya jirani ndiyo mbaya zaidi.

Wakubwa fulani wanatuambia: nunueni yenye alama ya CE. Kwa vitu vya aina hii, CE ni mtengenezaji mwenyewe ndiye anaiweka, akitangaza kwamba anafuata sheria za Ulaya. Kuchapa herufi mbili ni kazi ya dakika. UL ya Marekani iko tofauti, pale anayepima si mwenye kutengeneza. Ilianza Chicago mwaka 1894, na nyuma yake walikuwa watu wa bima ya moto, wenye kulipa kila jengo likiungua. Hapa Bunia nani iko na bima ya moto? Nyumba ikiungua, hasara ni ya mama mwenye nyumba. Hakuna tajiri hata mmoja anaumwa kichwa.

Mwenzetu mmoja alinunua kompyuta ya dola 180 ili aandike TFC yake. Usiku wa pili chaja iliyeyuka na kuchoma godoro. Aliporudi kwa muuzaji, alionyeshwa risiti zote, na mihuri yake. Zilikuwa risiti za kweli. Hakuna hata moja iliyosema kwamba chaja ile ilipimwa.

Tunajua jibu lenye wanapenda kutoa: operesheni. Watashuka kwa maduka, watabeba mali ya vijana wa meza, kisha mali itarudi kwa bei. Hapana. Wengi wetu wenye diploma tunaishi kwa meza hizo, kwa kukosa kazi. Kijana wa meza hana maabara na hakuwa kwa mpaka siku mzigo ulipita. Kama kuna wa kuulizwa, ni yule aliyepokea pesa ya kupima.

Tusiambiwe kwamba Afrika haiwezekani. Kenya tangu mwaka 2005 inataka bidhaa nyingi zikaguliwe kabla hazijapakiwa, na KEBS inatoa stika ya ISM ya kubandika juu yake. Feki hazijaisha kule, tunakubali, lakini mnunuzi iko na kitu cha kushika mkononi. Sisi tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tumeingia kwa kupiga picha tu?

Wiki ijayo tunapeleka barua kwa OCC hapa Bunia, kopi kwa meya na kwa FEC. Tunaomba namba: chaja ngapi zilipimwa mwaka huu, wapi, kwa chombo gani, na ngapi zilikataliwa. Tunaomba pia bei halali ya ukaguzi ibandikwe ukutani kwa mpaka, kwa Kiswahili. Tutangojea siku 15, kisha tutakaa mbele ya ofisi, kwa amani, kama kawaida yetu.

Mwenye chaja iliyoungua asiitupe. Ailete Jumamosi. Tutaziweka zote ndani ya karton moja na kuipeleka pamoja na barua.