Baba akiseti tapeti nyumbani, pikipiki isiwashwe ndani

Kwa familia nyingi za Chanika, bodaboda ndiyo ada ya shule na unga wa ugali. Ikishakuwa ya zamani, injini huanza kugonga tiki-tiki upande wa juu, na baba huamua kuseti tapeti mwenyewe ili kuokoa hela ya fundi. Si vibaya, ila kuna hatua moja inayoigusa familia nzima.

Tapeti husimamia nafasi ndogo iliyopo juu ya vali. Kwa pikipiki nyingi, nafasi hiyo haifiki hata milimita 0.2, na kipimo sahihi kimo kwenye kitabu cha pikipiki husika. Ikilegea, injini hugonga. Ikibana sana, kelele huisha, lakini vali haifungi vizuri, injini inakosa nguvu na vali huweza kuungua. Kwa hiyo kimya si dalili ya kazi nzuri.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kuwa chuma kikipata moto hutanuka na kipimo hubadilika. Muda mzuri ni asubuhi kabla ya kutoka. Wakati wa kuseti, pikipiki haihitaji kuunguruma hata kidogo.

Hatari huja baada ya nati kukazwa, pale baba anapotaka kusikiliza mlio. Wengi hulaza pikipiki sebuleni au koridoni kwa kuogopa wezi, hivyo huiwasha hapohapo, watoto wakiwa chumba cha pili.

Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa taratibu. Watoto wadogo huathirika haraka kwa sababu wanapumua kwa kasi kuliko watu wazima. Mjamzito naye yumo hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni. Kufungua mlango au dirisha hakutoshi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Ni rahisi kudhani ni malaria. Tofauti ni kwamba mara nyingi homa haipo, watu kadhaa wa nyumba moja huugua kwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje.

Likitokea hilo, watoe wote nje kwanza, kisha wapeleke kituo cha afya hata kama wanasema wamepata nafuu. Mweleze mhudumu kwamba injini iliwashwa ndani, maana kipimo cha malaria hakitamwonyesha hilo.

Jambo jingine ni petroli ya kuoshea vipuri. Isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, kwani akitapika inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali.

Mama, baba akimaliza kuseti, msaidie kuisukuma pikipiki hadi uwanjani, mbali na mlango na madirisha. Iwashwe huko, isikilizwe huko, izimwe huko. Ikishapoa, irudi ndani kulala.