Mumiani hazaliwi na ujinga

Na Mwanaidi Kitwana

Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, walifika na dereva wao katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, kuchukua sampuli za udongo. Zikavuma habari kwamba mumiani, yaani wanyonya damu, wameingia kijijini. Wote watatu wakauawa.

Kila likitokea jambo kama hili, hukumu yetu huwa ile ile: wanakijiji hawana elimu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno.

Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alilichimba suala hili kwa miaka mingi. Akiwahoji wanawake wazee wa Nairobi kuhusu maisha ya zama za ukoloni, alisimuliwa habari za wazimamoto waliokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Badala ya kuzipuuza, alizifuatilia hadi Uganda, Kongo na Zambia, na mwaka 2000 akatoa kitabu, Speaking with Vampires. Humo anaonyesha kwamba uvumi huo ulishikamana na mambo ambayo watu waliyaona kwa macho: magari mekundu, sare, sindano, waganga wa serikali waliotoa watu damu. Waliokwisha kuporwa ardhi na nguvu zao hawakuona ajabu kwamba na damu nayo inawindwa.

Shaka ya namna hiyo haikuisha na ukoloni; Kano, Nigeria, wanaijua. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan huko. Kati ya watoto 200 waliohusishwa, 11 walikufa. Kampuni ilisema kilichowaua ni ugonjwa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Imani ikawa imetikisika: mwaka 2003 jimbo la Kano likasitisha chanjo ya polio kwa uvumi kuwa inafunga kizazi, na polio ikasambaa upya Afrika.

Hakuna shaka yoyote inayohalalisha kumwaga damu ya mtu, na wauaji wanastahili mkono wa sheria. Lakini mahakama haiwezi kurudisha imani iliyopotea. Mtaalamu anayekwenda kijijini aanzie kwa mtendaji na mwenyekiti, mkutano uitishwe, aseme anachukua nini, kinapelekwa wapi na majibu yatarudi lini. Kisha ayarudishe kweli. Nawe mwananchi, ukimshuku mgeni, mpeleke ofisi ya kijiji akahojiwe. Usiokote jiwe.