TAHARIRI: Anayeacha Pombe Asiachwe Peke Yake

Kila mwezi wa Ramadhani unapoandama, wapo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaoamua kuacha pombe siku ile ile. Nia hiyo ni njema na yastahili sifa. Lakini kwa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, kuacha ghafla bila ya tabibu kwaweza kumpeleka kaburini. Jambo hili hapana budi lifahamike kwa wananchi na watendaji wa Serikali.

Mwili uliozoea pombe hujirekebisha ili ufanye kazi pamoja nayo. Pombe ikikatika, ubongo huchachamaa. Katika saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi humruka. Katika siku 2 za mwanzo degedege laweza kumpata. Na kati ya siku ya 2 na ya 4 huenda akaweweseka na kuona yasiyokuwepo. Hapo jamaa husema amepandwa na shetani, na mlinzi wa mahabusi humdhania mkorofi.

Si wote wanaopatwa sawasawa. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake walieleza utafiti wao wa Lexington, Marekani: waliokunywa kwa siku 48 hadi 87 waliteseka kuliko waliokunywa kwa muda mfupi, ingawa walilishwa vizuri. Aidha, umri mkubwa na maradhi mengine huongeza hatari. Aliyepata degedege au kuweweseka zamani yumo hatarini zaidi, na kila anapoacha na kurudia, safari ifuatayo yaweza kuwa nzito zaidi.

Tiba ipo. Diazepamu hutuliza na vitamini B1 huukinga ubongo, zikitolewa na daktari. Kinachozuia ni aibu: mgonjwa huficha, na jamaa humfichia. Waliosoma chuoni wanajua kwamba hata katazo la ulevi lilikuja kwa hatua.

Kwa hiyo tunatoa wito. Anayetaka kuacha aende kwanza hospitali, aseme kweli amekunywa kiasi gani na tangu lini. Vituo vya polisi vimuulize kila mahabusi swali hilo, na anayetetemeka apelekwe kwa daktari mara moja. Masheha na maimamu wawafahamishe watu wao kabla ya mwezi kuandama. Tumeukataa ulevi, na tuendelee kuukataa. Lakini anayeuacha ni wetu, na uhai wake ni amana yetu.