Haki ya Mwenzio Ugenini: Siku Mbili Jabal Akhdar



Wengi wenu, wasomaji wetu, mna binti, dada au shangazi anayesomesha Ghuba. Mnamjua kwa fedha anazotuma kila mwisho wa mwezi na kwa picha zinazowafikia katika simu. Picha hizo huzaa maneno. Akionekana darasani, husifiwa bidii. Akionekana mlimani na wenziwe, huulizwa kama ameisahau karo ya wadogo zake. Juma hili tungependa kueleza yaliyo nyuma ya picha moja ya aina hiyo, kwani sisi tunaosomesha hapa Muscat tulipanda Jabal Akhdar mwishoni mwa mwezi wa Aprili, na maneno hayo yametufikia.

Tulikuwa wanawake watano, sote wa pwani ya Kenya. Mmoja wetu alikuwa amefiwa na mamake wiki tano kabla ya safari. Simu ilimfikia alfajiri, na ilipofika Alasiri ya siku ile ile marehemu alikwisha zikwa, kama Sunna inavyotuhimiza kuharakisha maziko. Hapakuwa na ndege ambayo ingemfikisha Lamu kwa wakati. Usiku ule tulimswalia marehemu Swala ya ghaibu, ambayo madhehebu yetu ya Shafi inairuhusu, tukasoma hitma, tukapika. Siku 3 zikapita, naye akarejea darasani. Akawa anasomesha, anatuma fedha nyumbani, na kila aulizwapo hali hujibu "alhamdulillahi". Lakini chakula hakimpiti kooni, na usingizi umemhama. Ndugu zake nyumbani walikuwa na majirani wa kuingia na kutoka. Yeye alikuwa na chumba chake na saa ya ukutani. Hiyo ndiyo sababu ya safari.

Mapumziko ya juma hapa Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Tuliondoka Alhamisi baada ya Alasiri pamoja na mwalimu mwenzetu Mwomani, mumewe, kaka yake na mama yao. Bibi huyo alizaliwa Unguja, akaja Oman katika miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa nje. Kiswahili chake ni kitamu kuliko chetu. Tulilala kwao Nizwa. Ijumaa, wanaume waliporudi msikitini, tukaelekea Birkat al-Mawz, mji wa mitende na migomba ulio chini ya mlima. Hapo askari hukagua magari, na halipandi ila gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwa ukali wa barabara. Uwanda wa Saiq uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Muscat tulikuwa tumeacha joto la kuchoma. Huku juu, jua lilipotua, tulijitanda mashali juu ya mabuibui.

Vijiji vya mlimani vimezungukwa na mashamba ya ngazi, ya komamanga na waridi, yanayonyweshwa kwa falaj, yaani mfereji uletao maji ya chemchemi. Maji hayo si ya mwenye nguvu. Hutangulia ya kunywa, kisha ya msikitini na tohara, ndipo yakafika mashambani. Na huko kila mtu ana zamu yake, ihesabiwayo kwa kipimo kiitwacho athar, takriban nusu saa. Zamani walipima mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota. Mwenye fungu dogo, fungu lake halirukwi. Bibi akatwambia: "Wanangu, hata mtu ni shamba. Akiyapeleka maji yote kwa wenziwe, lake litakauka, na mwaka ujao hana la kumpa mtu."

Jumamosi asubuhi tulipelekwa kuona marashi yakitengenezwa. Waridi huchumwa alfajiri, kabla jua halijaondoa harufu. Maua hutiwa katika chungu juu ya tanuri la udongo. Ndani huwekwa bakuli la shaba, na mdomo wa chungu hufunikwa kwa chombo chenye maji baridi. Mvuke hupanda, hukutana na ubaridi, hudondoka bakulini tone kwa tone. Sisi wa pwani twayajua marashi: huyatia katika mrashi tukawanyunyizia wageni wa harusi na maulidi, na huyanyunyiza makaburini. Mwenzetu alipoisikia harufu ile aliketi chini akalia, kwa mara ya kwanza tangu simu ya alfajiri ile. Akatusimulia habari za mamake mpaka jua likapanda. Hatukumnyamazisha, Bibi alimshika mkono tu. Machozi si dhambi, kwani Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Adhuhuri ile mwenzetu alikula akashiba.

Picha ilipigwa baada ya hapo, naye alikuwa akitabasamu. Kabla hatujafika Muscat, ujumbe ulikuwa umekwisha mfikia kutoka kwa jamaa: mamako hata kaburi halijakauka, nawe watembea milimani.

Kwa heshima zote, twajibu hivi. Sharia imemwekea mwanamke siku 3 za kuomboleza jamaa asiyekuwa mume, na miezi 4 na siku 10 kwa mumewe. Aliyetimiza siku hizo hana deni la huzuni kwa mtu yeyote. Tena tukumbuke kisa kilichopokewa na Bukhari, cha Salman al-Farisi na Abu Dardaa, ambao Mtume (S.A.W.) aliwafunga udugu Madina. Salman alimkuta nduguye amejikalifisha kwa saumu na kisimamo cha usiku, akamlisha, akamlaza, akamkumbusha kwamba Mola wake, nafsi yake na jamaa zake, kila mmoja ana haki yake. Habari zilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salman. Salman naye alikuwa mgeni, mbali na kwao.

Basi, nyinyi wazazi na ndugu mlio nyumbani, mpigieni simu binti yenu siku isiyokuwa ya mshahara. Mwulizeni amekula nini, na nani yuko naye. Akifiwa, mwekeeni simu asikie hitma ikisomwa, mwambieni nani walikuja na nani walimwosha mamake, kwani hayo ndiyo aliyoyakosa. Na nyinyi dada mlio ugenini, msingoje msiba ndipo mtafutane. Jueni mlango wa mwenzenu na ratiba yake, na mkimwona amenyamaza, mtoeni nje, hata kama ni mpaka ufuoni tu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape subira waliowazika wakiwa mbali, na awarejeshe salama wote walio safarini. Amin.