Jedwali Lililomtisha Mama

Juma lililopita alitujia mama mmoja na daftari la bintiye. Ndani mlikuwa na jina la binti, Amina, limekatwa vipande vitatu, kila kipande katika kijisanduku chake, na tarakimu juu yake: Am 95, I 53, Na 11. Mama alihofu. Sisi watu wa pwani twayajua majedwali ya namna hiyo. Wapo wahesabuo majina kwa abjadi kutafuta nyota ya mtu, na hirizi huandikwa vivyo hivyo. Binti alikwisha nyimwa daftari siku mbili, na mtihani umekaribia.

Tulimtuliza. Hiyo ni kemia ya shuleni. Kila elementi ina alama ya herufi moja au mbili, na tarakimu ni idadi ya protoni katika atomi yake. Watoto hupanga alama hizo wapate majina yao, nazo huwakaa kichwani. Utabiri haumo. Am ni amerisiamu, metali iliyotengenezwa na wanadamu mwaka 1944. I ni aidini, Na ni sodiamu, na zote mbili zimo katika kopo la munyu jikoni mwake. Hiyo Na yatokana na natrium, neno ambalo asili yake ni natruni ya Kiarabu. Hata kemia yenyewe ni al-kimiya.

Twakiri kwamba mchezo huu umetunasa na sisi. Subira, Nuru, Bahati na Yusuf huandikika. Pate, Siyu na Shela pia, na Kipungani kwa alama sita! Lamu yenyewe, ole wetu, haiandikiki, kwani hakuna elementi yenye alama ya M peke yake. Salim na Mariamu wamekwama papo hapo.

Mama akauliza jina lake, Hawa. Tukatafuta, tukakosa A. Kumbe alichelewa tu: hadi mwaka 1957 alama ya argoni, gesi iliyomo katika hewa tuivutayo, ilikuwa A, kisha ikabadilishwa kuwa Ar. Hapo zamani angeandikwa kwa hidrojeni, argoni, tangisteni, na argoni tena.

Alicheka, akaomba kalamu. Daftari limerudi kwa mwenyewe, na chini ya Amina pana visanduku vinne vipya, vimepinda kidogo, kwa mwandiko wa mama.