Kuchagua prosesa ya kompyuta ya filme nyumbani



Makundi kadhaa ya likirimba yametuuliza swali moja. Tunataka kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, tuiunganishe na televisheni, watoto waangalie filme na masomo nyumbani badala ya kwenda usiku kwenye vibanda vya video. Tuchague yenye prosesa gani? Swali ni la maana, kwa sababu akiba ya kundi ikipotea dukani hairudi.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Wauzaji wengi husifu neno moja tu: "Mama, hii ni i7!" Sisi tunadhani i7 inashinda i3 siku zote. Sivyo. Tuangalie namba zinazofuata, maana ndizo zinazoonyesha umri. Intel Core i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ilitoka mwaka 2011. Core i3-7100T ni ya kizazi cha saba, ilitoka mwaka 2017. Kwa hesabu nyingi za pamoja ile i7 bado ina nguvu. Kwa filme, tuchukue i3.

Sababu ni hii. Filme hukunjwa kama nguo kwenye sanduku ili isichukue nafasi kubwa, kisha kompyuta huikunjua wakati wa kuionyesha. Mkunjo wa zamani, H.264, prosesa zote mbili zinauweza. Lakini filme nyingi za sasa zimekunjwa kwa H.265, ambayo huitwa pia HEVC. Ile i7 ya 2011 haina sehemu maalum ya kuikunjua. Inatumia nguvu zake zote, inapata joto, feni inapiga kelele, na picha ya 4K inakwama. Kizazi cha saba kinayo sehemu hiyo, kazi inaenda polepole bila jasho.

Jambo la pili ni umeme. i7-2600 imeandikiwa wati 95. I3-7100T, wati 35. Ile herufi T mwishoni inaonyesha prosesa isiyokula umeme mwingi. Tufanye hesabu kwa nyumba yenye betri ya sola ya volti 12, Ah 100. Tukitumia nusu yake ili isiharibike, tunabaki na wati-saa kama 600, na inverta nayo inakula kidogo. Televisheni ya wati 50 pamoja na kompyuta kubwa inayovuta 80 itazimika baada ya masaa manne hivi. Televisheni hiyo hiyo na kompyuta ndogo inayovuta 20 itafika masaa saba.

Prosesa za T hupatikana sana katika kompyuta ndogo za ofisi, kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny.

Tujihadhari na herufi nyingine. Intel yenye F mwishoni, kama i5-9400F, haitoi picha bila kadi ya ziada. Kwa AMD, Ryzen za mezani za mfululizo wa 1000 hadi 5000 tuzitafute zenye G.

Kabla ya kutoa pesa:

1. Twende wawili, na flashi yetu yenye filme ya H.265. Kijana wa nyumbani anaweza kututayarishia.
2. Tubonyeze pamoja Ctrl, Shift na Esc. Katika sehemu ya Performances tutasoma jina kamili la prosesa. Karatasi iliyobandikwa nje tusiiamini.
3. Tufungue filme katika VLC, tuiache dakika kumi. Prosesa ikibaki chini, tuseme asilimia 20, ni nzuri. Ikipanda hadi 80 au 90, tuiache.
4. Tuhakikishe kuna tundu la HDMI linaloingia kwenye televisheni yetu. Kompyuta nyingine za ofisi zina DisplayPort tu, na hapo tutahitaji adapta.

Muuzaji akikataa tujaribu, tumshukuru na kuondoka. Pesa ibaki katika sanduku la kundi mpaka filme ionekane kwa macho yetu.